Malaika Alirudi Mara ya Pili

Andiko kuu: 1 Wafalme 19:1-18
Mengine ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 20:1-7, Luka 17:11-19, Matendo 16:25-34



Jumapili iliyopita, kabla ya neno, niliomba watoto wa Sunday school watoke mapema na wazazi wote wenye vijana wabaki. Najua wengine mlidhani ni harambee ya mabati. Hapana. Nilikuwa na jambo la kuungama mbele yenu, na niliwaambia wazi kwamba siwezi kuhubiri ujumbe huu bila kuanza na kosa langu mwenyewe. Kwa wale ambao hamkuwepo, na kwa wale mliokuwa nyuma mkasumbuliwa na ndege iliyokuwa ikishuka kiwanja cha Kisumu, haya ndiyo niliyosema.

KOSA LANGU

Mwaka 2022, siku ya Jumatano, mama mmoja wa kanisa hili alinijia ofisini. Ni mama mnayemjua, anayeuza omena. Aliketi, akafungua leso, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka juu ya meza yangu.

Mwanawe alikuwa kidato cha tatu. Kijana wa kwaya, anapiga kinanda. Tangu muhula uliotangulia alikuwa amejifungia. Hali vizuri, haongei, vitabu ameviacha. Usiku macho makavu, mchana amelala. Watu wa mtaani walisema ni bangi, wengine wakasema amerogwa, shuleni wakasema ni uvivu. Mama hakusikiliza hayo yote. Alimpeleka hospitali, wakamchunguza, wakasema ni sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni ambayo haiondoki. Kwetu kwa Dholuo tunayo maneno, tunasema kuyo, tunasema parruok. Wakampa dawa na tarehe ya kurudi.

"Pasta," aliniambia, "amemeza miezi miwili. Nimeona ameanza kula. Juzi hata alicheka na dadake. Lakini watu wananiambia hizi ni dawa za wenda wazimu, ati zitamharibu. Wewe unasemaje?"

Wapendwa, mama alikuwa amekwisha kuniambia jibu. Mtoto ameanza kula. Mtoto amecheka. Lakini mimi masikio yangu yalisikia neno moja tu, dawa za wazimu. Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayetaka ushuhuda. Nikasema, "Mama, mtoto wako si mwenda wazimu. Lete vidonge hivyo madhabahuni."

Ijumaa kwenye kesha tukamweka kijana katikati. Tukampaka mafuta, tukakemea, tukaimba. Nikatangaza siku tatu za kufunga bila chakula, yeye na mamake. Pakiti ile niliichukua kwa mkono wangu nikaitupa chooni, na kanisa likapaza sauti. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Siku ya nne mama akanipigia simu. Kijana ana kizunguzungu, halali, anatetemeka, analia bila sababu, na kitu kidogo tu kinamkasirisha. Nikasema, "Ni vita, mama. Shetani hapendi uponyaji huu. Endeleeni kufunga."

Siku ya tisa dadake mdogo alitoka shule akakuta barua mezani. Alipiga nduru. Majirani walitoka, na kijana mmoja wa boda boda akazima abiria wake pale stage akaenda kutafuta. Walimpata karibu na ziwa. Walimpata hai. Naandika tena ili usisome kwa haraka: walimpata hai.

Lakini sikilizeni lililofuata. Hatukumpeleka hospitali usiku ule. Kwa nini? Kwa sababu mzee mmoja alisema, "Mkimpeleka, polisi wataandika OB, atashtakiwa." Na hakuwa anatunga. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa la jinai, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela. Kwa hiyo tulikaa naye sebuleni hadi asubuhi, mimi, mama na yule wa boda boda, tukiogopa giza na tukiogopa polisi.

Asubuhi tulikwenda. Afisa wa kliniki, ambaye sisi wote tunamwita daktari, alisoma kadi, kisha akauliza, "Nani alimwambia aache dawa?" Mama aliangalia sakafu. Hakunitaja. Mama huyu alikuwa tayari kubeba kosa langu. Ndipo nikasema, "Ni mimi, daktari. Mimi ni mchungaji wake."

Nilitarajia matusi. Alivuta kiti, akasema, "Basi keti, mchungaji. Ni vizuri umekuja, kwa sababu nakuhitaji."

Kijana huyo leo yuko chuoni. Amenipa ruhusa, na mamake pia, na wote wawili wamesoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Yeye ndiye aliyesema, "Pasta, usiogope kusema. Kuna mwingine hapo kwa benchi."

ELIYA CHINI YA MRETEMU

Sasa tufungue Biblia. Eliya si mtu wa imani ndogo. Sura moja tu kabla ya hii, moto ulishuka Karmeli, na mvua ikanyesha kwa maombi yake. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja, na mtu huyu huyu anakimbia, anaketi chini ya mti jangwani, na anamwomba Mungu aichukue roho yake. Anasema yatosha. Neno hilo limetoka kinywani mwa nabii. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba aliyeokoka hawezi kulemewa hadi kutamani kufa.

Nataka uone mambo manne.

La kwanza, mstari wa tatu. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake, mwendo wa siku moja. Hatari ilianza hapo. Alijitenga na mtu wa mwisho aliyemjua. Mzazi, ukiona kijana anaacha marafiki, anaacha kwaya, anakupa simu yake au viatu vyake anavyovipenda ati havihitaji tena, anaaga watu kana kwamba anasafiri, ujue ameshapita Beer-sheba. Usingoje Jumapili.

La pili, Mungu hakumfungisha. Alimlisha. Malaika alikuja na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala. Hakuna kemeo pale, hakuna mahubiri. Mimi nilimpa mtoto mgonjwa siku tatu za njaa, wakati Bwana alimpa nabii mgonjwa mkate na usingizi. Nimeomba msamaha kwa hilo.

La tatu, na ndilo kichwa cha ujumbe huu. Malaika alirudi mara ya pili. Mstari wa saba. Eliya alikula mara ya kwanza akalala tena. Kama malaika angesema, "Nimeshamhudumia, kazi yangu imekwisha," Eliya angebaki pale pale. Alirudi, akamgusa tena, akamwambia ale, kwa kuwa safari bado ni ndefu. Sisi Wapentekoste tunajua sana kuja mara ya kwanza. Tunakuja na mafuta, tunakuja na sauti, tunakuja kanisa zima. Nani anarudi Jumanne? Nani anarudi juma la tatu?

La nne, kule Horebu Mungu alimuuliza swali lile lile mara mbili, na akamwacha ajieleze mara mbili kwa maneno yale yale. Hakumkatiza. Kisha akampa mtu, Elisha, na akamwambia kuna elfu saba wengine. Tiba ya Mungu kwa Eliya ilikuwa na chakula, usingizi, kusikilizwa, mwenzake wa kutembea naye, na kazi ya kufanya.

DAWA HIZI NA VIJANA WETU

Sasa nitawaambia alichonifundisha yule afisa, na ambacho baadaye nimekisoma na kukiuliza hadi nikaelewa. Nitasema yote, mazuri na ya hatari, kwa sababu nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha chooni na pakiti.

Kwanza, dawa za sonona zinasaidia watu wengi. Si dawa za kumfanya mtu zuzu, wala si dawa za kulevya. Lakini si kama Panadol. Humezi leo ukapona kesho. Nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha kazi, na wakati mwingine wiki sita au zaidi. Kule Marekani mwaka 2004 madaktari walitangaza utafiti wa vijana 439 wenye sonona, uliofuata hali yao kwa wiki 12. Waliopewa fluoksetini, ambayo wengi huijua kwa jina la Prozac, pamoja na mazungumzo ya ushauri kila juma, 71 katika kila 100 walipata nafuu kubwa. Waliopewa dawa peke yake ni 61. Waliopewa mazungumzo peke yake ni 43. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake ni 35. Angalieni hapo: dawa inasaidia, na dawa pamoja na mtu wa kuzungumza naye inasaidia zaidi.

Pili, kuna hatari, na ni kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa wazee. Mwaka 2003 Uingereza iliwaambia madaktari wasiwape walio chini ya miaka 18 dawa nyingi za kundi hilo, isipokuwa fluoksetini. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Wakaona kwamba kati ya waliokuwa kwenye dawa, kama 4 katika 100 walipata mawazo au vitendo vya kujidhuru. Kati ya waliokuwa kwenye kidonge kitupu, ni 2 katika 100. Hakuna hata mmoja aliyekufa katika majaribio hayo. Lakini waliona ni lazima onyo liandikwe kwa herufi nzito ndani ya fremu nyeusi. Mwaka 2007 onyo hilo likaongezwa hadi umri wa miaka 24, hasa miezi ya kwanza ya matibabu na kila kipimo kinapobadilishwa.

Mama mmoja ataniuliza, "Pasta, sasa si umethibitisha tuzitupe?" Hapana, mama. Soma tena. Onyo halikusema dawa zitupwe. Lilisema kijana anayezianza aangaliwe kwa karibu. Sonona isiyotibiwa nayo inaua. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani, na kati ya wenye miaka 15 hadi 29 hiyo ni moja ya sababu kubwa kabisa za vifo.

Madaktari wengi wanaeleza hivi. Kijana aliyelemewa huwa hana nguvu hata ya kuoga. Dawa ikianza kazi, kwa wengine mwili huamka kabla moyo haujapona. Wengine hupata hali ya kutotulia, hawezi kukaa wala kulala, hasira inapanda. Ukiona hivyo usiseme ameingiwa na pepo, wala usiseme amepona kwa kuwa sasa anatembea tembea. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, hatari nyingine ni kuacha ghafla. Dawa nyingi za aina hii zikikatwa kwa siku moja mwili unashtuka. Kizunguzungu, kukosa usingizi, kulia, hasira, na huzuni kurudi kwa nguvu. Hayo ndiyo niliyoyaita vita vya shetani siku ya nne. Daktari alinionyesha kwamba dawa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma, naye akiangalia.

NA IMANI JE?

Wapendwa, sijaacha kuamini uponyaji. Nimeona Bwana akiponya hapa hapa Otonglo. Pepo wachafu wapo, na Yesu ana mamlaka. Lakini nilikuwa nimesahau kusoma Biblia yangu yote.

Hezekia aliugua hadi kufa. Aliomba, akalia, na Mungu akajibu kwamba amemwongezea miaka 15. Ahadi imetoka, nabii ameisema. Kisha nabii yule yule, Isaya, akaagiza waletewe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, naye akapona. Maombi yalijibiwa, na dawa ikapakwa. Hezekia hakusema tini ni ukosefu wa imani.

Na wale wakoma kumi. Yesu aliwatuma wapi? Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu katika Israeli kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Bwana hakuogopa uponyaji wake kuchunguzwa. Kwa hiyo tangu leo, ukiombewa na ukaamini umepona, haleluya, nenda ukajionyeshe kwa daktari. Yeye ndiye atakayesema dawa ipunguzwe. Uponyaji wa kweli utapita kipimo hicho bila shida.

Nabii yeyote atakayepanda madhabahu hii akamwambia mtoto wa mtu aache dawa, awe mgeni, awe mkubwa namna gani, nitachukua maikrofoni kutoka mkononi mwake. Nimeshawaambia wazee wa kanisa. Na mimi nikisahau, wanichukulie yangu.

SHERIA IMEBADILIKA, NA SISI TUBADILIKE

Kuna habari njema ambayo wengi hamjaisikia. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu kile cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa akili cha Kenya, na mama mmoja mtetezi wa wagonjwa. Kwa hiyo usikae na mtoto sebuleni hadi asubuhi ukiogopa OB kama tulivyokaa sisi. Mpeleke usiku huo huo. Aliyejaribu kujitoa uhai ni mgonjwa wa kutibiwa.

Lakini kuna sheria nyingine ambayo haikuandikwa Nairobi. Imeandikwa katika maboma yetu. Mnajua wenyewe jinsi wazee walivyomzika aliyejitoa uhai: nje ya ua, bila nyimbo, watu wakiondoka haraka na jina lake lisitajwe tena. Na makanisa nayo yakachukua desturi hiyo, yakakataa kuhubiri kwenye matanga ya namna hiyo. Mimi nimekataa mara moja. Mjane alinifuata hadi barabara ya Busia nikasema nina safari. Sikuwa na safari.

Tukifanya hivyo tunawaambia walio hai kwamba jambo hili halitajwi, na kijana mwenye mawazo hayo anajifunza kunyamaza. Kanisa hili litazika, litaimba, na litakaa na waliofiwa. Hatusifu kifo hicho. Tunamwombolezea mtu aliyezidiwa na ugonjwa, na hukumu tunamwachia Mungu.

TUTAKAVYOFANYA

Ng'ambo ya ziwa hili hili, kule Masaka na Rakai nchini Uganda, mwaka 2002 watafiti walikwenda katika vijiji 30 ambako watu wengi walikuwa wameelemewa na huzuni, nchi ikiwa imevunjwa na Ukimwi. Vijiji vingine vilianzishiwa vikundi vya kukutana mara moja kwa juma, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wa huko huko waliofundishwa kwa muda mfupi. Baada ya majuma hayo, kati ya waliokuwa vikundini waliobaki na sonona walikuwa chini ya 7 katika kila 100, na vijiji ambavyo havikupata vikundi bado walikuwa zaidi ya 50 katika kila 100. Hawakuwa madaktari wakubwa. Walikuwa majirani waliorudi kila juma.

Hilo sisi tunaliweza. Tuna ushirika wa nyumbani kila Jumatano. Tuna kina mama ambao hakuna mlango wa Otonglo hawajaugonga. Kwa hiyo tumekubaliana na wazee haya:

Moja. Kijana akianzishiwa dawa ya sonona, na familia ikikubali, watu wazima wawili wa ushirika wake watakuwa wa zamu yake kwa miezi mitatu ya kwanza. Watamtembelea angalau mara mbili kwa juma na kupiga simu siku zilizobaki. Si kumhubiria. Kula naye, kumsikiliza. Na watanyamaza kimya juu ya habari zake, hata kwangu kama hataki nijue.

Mbili. Pakiti ya dawa itakaa kwa mzazi au mlezi, amempa kipimo cha siku hiyo tu. Sumu za panya na dawa za shamba zifungiwe au zitolewe nyumbani kabisa. Tuna ushahidi kutoka nchi nyingi kwamba kuweka vitu vya hatari mbali kunaokoa maisha, kwa sababu mara nyingi saa mbaya hupita kama mtu atasaidiwa kuivuka.

Tatu. Hakuna kijana aliye kwenye dawa atakayeagizwa kufunga chakula. Atafunga maneno mabaya na simu ya usiku wa manane. Hiyo nayo ni saumu.

Nne. Tarehe ya kurudi kliniki tutaichukulia kama tarehe ya ubatizo. Kama nauli ndiyo shida, mwambie shemasi. Mfuko wa fadhili uko.

Tano. Tutauliza kwa maneno wazi. Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza kijana, "Je, unawaza kujitoa uhai?" utampa wazo hilo. Si kweli. Wanaoshughulika na kazi hii wamechunguza wakaona kwamba kuuliza kwa upole hakupandi wazo hilo. Mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Uliza, kisha nyamaza usikie. Akisema ndiyo, usimlaumu, usilie mbele yake kwa kishindo, na usimwache peke yake hata dakika moja hadi mfike kwa daktari.

Paulo kule Filipi, usiku, mlinzi wa gereza alipotaka kujiua akidhani wafungwa wametoroka, Paulo alipaza sauti kwa nguvu asijidhuru, kwa maana hakuna aliyeondoka, wote wapo. Mlinzi yule kabla ya kuhubiriwa wokovu alihakikishiwa kwanza kwamba hayuko peke yake gizani. Asubuhi nyumba yake yote ilikuwa imebatizwa.

KWA WEWE KIJANA

Sasa nasema na wewe, mtoto wangu, nyathina, unayesoma karatasi hii uliyoichukua kwa mamako. Labda unameza dawa kwa siri na unaogopa kanisa. Endelea kuzimeza, na umwambie daktari kila kitu unachokisikia, hata kama ni kibaya. Labda hujameza chochote na umechoka tu. Sitakuambia ujikaze. Nakuomba umwambie mtu mmoja leo kabla jua halijazama. Ukishindwa kusema, mwonyeshe ukurasa huu na umwekee kidole hapa. Atajua.

Wazee wetu waliita sarafu ya senti kumi otonglo. Kitu kidogo, hata ikianguka sokoni wengine hawangeinama. Lakini Yesu alisimulia juu ya mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa, akafagia nyumba nzima, hakulala mpaka ameipata. Wewe ni sarafu hiyo. Tutawasha taa.

TUOMBE

Baba, tusamehe tulipokuja mara moja na hatukurudi. Nisamehe mimi mtumishi wako. Wabariki madaktari na wauguzi wetu, wape hekima katika kipimo. Walinde vijana wetu katika majuma ya kwanza ya dawa, na usiku ule mgumu. Utufanye watu wa kurudi mara ya pili, na ya tatu. Kwa jina la Yesu. Amina.

KWA USHIRIKA WA JUMATANO

1. Eliya alimwacha nani Beer-sheba? Katika nyumba yako, nani ameanza kutembea peke yake?
2. Kwa nini malaika alianza na chakula? Sisi huwa tunaanza na nini?
3. Ni nani juma hili unapaswa kumrudia mara ya pili? Andika jina lake kwa siri, na uende.

UKIHITAJI MSAADA

Hali ikiwa ya haraka, nenda hospitali iliyo karibu nawe, mchana au usiku. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi tunaiita Russia, inahudumia wagonjwa wa akili. Simu ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, bila malipo. Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Na mlango wa nyumba ya mchungaji uko wazi. Gonga hata saa nane za usiku. Mama mchungaji ameshakubali kuamka.